Upepo Hautozi Uniti

Wengi huamini kwamba nguo hukaushwa na jua. Jua husaidia, ila upepo nao hufanya kazi kubwa. Maji yakitoka kwenye kitambaa, hewa inayoizunguka nguo hujaa unyevu, na isipoondolewa nguo hukawia kukauka hata joto likipanda. Ndiyo maana Dar es Salaam wakati wa masika shati huweza kulala kambani na bado likawa na unyevu, ilhali Dodoma, penye hewa kavu, suruali ya jinzi huanuliwa baada ya saa chache.

Mashine ya kukaushia hutengeneza Dodoma yake humo ndani: hupasha hewa moto, kisha huipitisha kwenye nguo zinazozunguka. Balaa ni umeme. Kugeuza lita 1 ya maji kuwa mvuke huhitaji nishati ya karibu uniti 0.7. Kilo 6 za nguo, hata zikishakamuliwa na mashine ya kufulia, hubaki na lita 3 au zaidi. Hizo ni uniti 2 kabla ya kuhesabu joto linalopotea. Mashine za pampu ya joto hutumia takriban nusu ya umeme wa zile za kawaida, lakini bei yake dukani ni kubwa.

Kukamua ni rahisi zaidi. Maji yanayotolewa kwa mzunguko wa kasi hula umeme kidogo sana kuliko yanayofukuzwa kwa joto.

Halafu kuna zile nyuzinyuzi zinazojaa kwenye chujio la mashine ya kukaushia: ni nguo yenyewe inayolika. Zisiposafishwa huweza kushika moto. Marekani, kati ya 2008 na 2010, mashine hizi zilianzisha moto wa nyumba takriban 2,900 kila mwaka. Jua nalo halina huruma kwa rangi. Nguo zinazopauka zianikwe zikiwa zimegeuzwa ndani nje.

Lakini kamba ina adui wake. Nzi wa maembe, Cordylobia anthropophaga, hutaga kwenye nguo mbichi, hasa zilizoanikwa kivulini. Mayai yakianguliwa, buu huingia kwenye ngozi ya mvaaji na kufanya jipu. Hapa mashine inashinda, kwa sababu joto kali humwua. Pasi pia inatosha. Basi anika juani penye upepo, usitandaze nguo kwenye majani, na nepi, chupi na mashuka yapige pasi ya moto hadi kwenye mishono.