Mieleka ya Wajapani: Kwanza Kuanguka

Katika mji wa Tokyo, nchi ya Japani, iko nyumba iitwayo Kodokan, ndiyo chimbuko la mieleka inayoitwa judo. Mgeni aipendaye huruhusiwa kuketi na kuitazama.

Maana ya neno judo ni "njia ya upole". Mwanzilishi wake, Kano Jigoro, alikuwa mwalimu, na kwa miaka mingi aliongoza chuo kikubwa cha walimu. Alifungua Kodokan mwaka 1882 katika hekalu la Wabuddha. Wanafunzi walikuwa 9, na chumba kilienea mikeka 12 tu.

Mgeni anayetaka kujifunza huvua viatu, huvaa vazi nene la pamba, hujifunga mshipi, kisha huinama kumwamkia mwenzake. Hapo hudhani kwamba atafundishwa kumwangusha mtu. Sivyo! Kwanza hufundishwa kuanguka. Hukaza kidevu kifuani ili kisogo kisipige chini, na huupiga mkeka kwa mkono wote, ili kishindo kitawanyike. Hurudia hivyo mara nyingi, mpaka mwili wenyewe uzoee.

Jambo hili si la mchezo. Tangu mwaka 1983 hata 2011, watoto zaidi ya 100 walikufa kwa ajali za judo katika shule za Japani, na wengi wao waliumia kichwa. Kwa hiyo asiyejua kuanguka haifai kuangushwa.

Baadaye hufuata upole wenyewe. Mtu akikusukuma, usishindane naye. Rudi nyuma kidogo, umvute kule kule anakokwenda, na nguvu zake zitamwangusha. Ndiyo sababu mtu mdogo aweza kumshinda mkubwa. Tena, aliyebanwa mkono akiona maumivu hupiga mkeka mara mbili, na mwenzake hana budi kumwachia mara moja.

Kano alifundisha kwamba faida ya mazoezi ni ya wote wawili, maana bila mtu wa kukuazima mwili wake huwezi kujifunza neno. Basi mazoezi yakiisha, aliyeshinda na aliyeshindwa huinamiana sawasawa.

Ndugu msomaji, ukikutana na mtu ajisifuye kuwa ni bingwa wa judo, usimwulize amewaangusha wangapi. Mwulize kama ajua kuanguka, na kama humwachia mwenzake apigapo mkeka.