Leza na Macho ya Mfanyakazi: Tupime Kwanza, Tuamue Baadaye



Katika mikutano ya matawi, toka mashamba ya chai ya Fort Portal mpaka viwanda vya Jinja, swali moja limekuwa likirudi mara kwa mara: je, mfanyakazi asiyeona vizuri afanyiwe operesheni ya leza ili aachane na miwani? Wengine wameona matangazo ya hospitali za mijini kwenye simu. Wengine wamesikia habari za jamaa aliyefanyiwa operesheni jana, na leo anasoma maandishi ya mbali bila miwani. Wapo pia waliokwisha kuomba mkopo katika ushirika wa akiba na mikopo ili walipie.

Jicho halina jingine la akiba, na mkopo hulipwa kwa jasho. Kwa sababu hiyo tumeona ni wajibu wetu kulieleza jambo hili hatua kwa hatua. Hatumkatazi mtu wala hatumsukumi mtu. Tunasema hivi tu: kabla ya kuuliza bei ya leza, mfanyakazi ajue kwanza jicho lake lina kasoro gani, na kazi yake ina hatari gani kwa jicho hilo.

LEZA HUFANYA NINI KATIKA JICHO?

Jicho linafanana na kamera. Mbele kabisa kuna utando mgumu ulio angavu kama kioo cha saa. Utando huo huitwa konea, na unene wake katikati ni kama nusu milimita tu. Nyuma ya konea kuna mboni na lenzi, na nyuma kabisa kuna retina, ambayo hupokea picha. Konea na lenzi huupinda mwanga ili ukutane juu ya retina.

Jicho likiwa refu kupita kiasi, mwanga hukutana kabla ya kufika kwenye retina. Mtu huyo huona vizuri vitu vya karibu, lakini vya mbali huvionea ukungu. Likiwa fupi, shida huwa zaidi kwenye vitu vya karibu. Na konea ikiwa haina mviringo ulio sawa, vitu huonekana kama vimevutwa upande. Kwa watu wengi kasoro hizi ni za umbile tu, kama vile mtu kuwa mrefu au mfupi.

Miwani huupinda mwanga kabla haujaingia jichoni. Leza huibadilisha konea yenyewe. Wazo hilo si geni. Daktari José Barraquer wa Bogotá, nchini Colombia, alianza kazi ya kubadili umbo la konea kwa kisu mwaka 1949. Mwaka 1983 daktari Stephen Trokel na mwanasayansi Rangaswamy Srinivasan walieleza jinsi aina moja ya leza inavyoweza kuondoa tabaka jembamba sana la konea bila kuunguza sehemu za jirani. Marekani iliiruhusu leza hiyo kwa kutibu watu wasioona mbali mwaka 1995.

Kumbukeni jambo moja. Miwani isiyofaa hubadilishwa, lakini konea iliyopunguzwa hairudi tena.

SI KILA JICHO BOVU LINATAKA LEZA

Tuchukue mifano mitatu ya wafanyakazi kama sisi.

Wa kwanza ni mama mchuma chai mwenye umri wa miaka 46. Vya mbali anaviona vizuri, lakini majani machanga yaliyo mbele yake hayaoni sawasawa, na uzi haupiti tena kwenye tundu la sindano. Huyu ana macho ya utu uzima. Kuanzia miaka 40 hivi lenzi ya jicho hukakamaa, na jambo hili humpata kila mtu. Dawa yake ya kwanza ni miwani ya kusomea, ambayo bei yake ni ndogo sana ikilinganishwa na operesheni. Msiidharau miwani hiyo. Mwaka 2018 yalitolewa matokeo ya utafiti uliofanywa kwa wachuma chai 751 wenye umri wa miaka 40 na zaidi huko Assam, India. Waliopewa miwani waliwapita wasiopewa katika ongezeko la uchumaji kwa asilimia 21.7, na kwa wale waliozidi miaka 50 tofauti ilikuwa asilimia 31.6. Kwa anayelipwa kwa kilo, hiyo ni posho ya nyumbani.

Wa pili ni mzee mkata miwa mwenye miaka 58. Anaona ukungu mbali na karibu, na mboni ya jicho lake imeanza kuwa nyeupe. Dalili hizo ni za mtoto wa jicho, na dawa yake ni operesheni ya kutoa lenzi iliyochafuka na kuweka lenzi ya plastiki mahali pake. Leza ya kubadili umbo la konea haimsaidii hata kidogo. Asipoteze fedha wala muda, aende hospitali yenye daktari wa macho apimwe kwa ajili ya operesheni hiyo.

Wa tatu ni kijana fundi wa mitambo mwenye miaka 27. Tangu shuleni haoni ubaoni bila miwani, na kiwandani miwani hiyo hujaa mvuke na jasho. Mtu wa namna hii ndiye anayeweza kufikiria leza, na maelezo yanayofuata ni yake.

Watu wengine huchanganyikiwa kwa sababu neno leza hutumika kwa matibabu mengi. Ipo leza ya presha ya jicho, ipo ya macho yaliyoathiriwa na kisukari, na ipo ya kusafisha ukungu unaoweza kutokea baada ya operesheni ya mtoto wa jicho. Hizo ni tiba za magonjwa. Daktari akimwambia mwenye kisukari au presha ya jicho kwamba anahitaji leza, asidhani ni jambo la kuachana na miwani, akaahirisha. Akichelewa anaweza kupofuka.

AINA ZA OPERESHENI NA KAZI ZETU

Operesheni ya kubadili umbo la konea ina aina tatu zinazojulikana zaidi.

Katika aina ya kwanza, inayoitwa Lasiki, daktari hukata kifuniko chembamba juu ya konea, hukifunua, hupitisha leza chini yake, kisha hukirudisha. Maumivu ni machache na mtu huona vizuri mapema, mara nyingi kesho yake. Lakini kifuniko hicho hakirudii nguvu yake ya zamani. Kikipigwa kwa nguvu, hata baada ya miaka, kinaweza kuhama.

Katika aina ya pili hakuna kifuniko. Daktari huondoa ngozi laini ya juu ya konea, kisha leza hupita juu yake. Ngozi hiyo huota tena yenyewe. Mgonjwa huumwa kwa siku kadhaa, na macho huchukua wiki nyingi hadi kutulia. Yampasa kuyakinga na jua kali, maana konea inaweza kuingia ukungu.

Katika aina ya tatu leza hutengeneza kipande chembamba ndani ya konea, na daktari hukitoa kupitia tundu dogo. Kifuniko hakikatwi. Aina hii haipatikani kila mahali.

Karani wa ofisini anaweza kuipenda ya kwanza kwa sababu hupona haraka. Lakini anayefanya kazi ambapo vipande vya chuma huruka, au ambapo majani ya miwa na matawi hupiga uso, hana budi kumwambia daktari waziwazi kazi yake ni ipi. Hali kadhalika wanaocheza ngumi. Kwa watu hawa aina isiyokuwa na kifuniko huenda ikafaa zaidi, ingawa itawataka wapumzike kwa muda mrefu zaidi. Daktari asiyeuliza kazi yako, mwambie bila kungoja kuulizwa.

NANI ASIFANYIWE?

Madaktari hawashauri operesheni hii kwa watu wafuatao:

1. Mwenye umri chini ya miaka 18, au ambaye kipimo chake cha miwani bado kinabadilika. Kipimo kiwe kimetulia angalau mwaka mzima.

2. Mama mjamzito au anayenyonyesha, kwa sababu macho yake yanaweza kubadilika kwa muda.

3. Mwenye konea nyembamba, au konea inayochongoka mbele kama pia. Ugonjwa huu wa kuchongoka huanza ujanani, na huonekana zaidi kwa watu wanaoyasugua macho kwa sababu ya kuwashwa. Leza huweza kuuzidisha na kuharibu jicho. Ndiyo sababu konea lazima ipimwe kwa mashine ya kuchora umbo na unene wake. Mahali pasipokuwa na kipimo hicho, msikubali kufanyiwa.

4. Mwenye macho makavu sana, kisukari kisichotulizwa, au ugonjwa ambao kinga ya mwili hushambulia mwili wenyewe.

5. Mwenye kovu la konea lililotokana na jeraha. Huyu anahitaji uchunguzi wake peke yake.

FAIDA NA HASARA

Tuwe wakweli pande zote mbili. Mamlaka ya dawa na vifaa vya tiba ya Marekani ilishiriki katika kuwachunguza watu waliofanyiwa operesheni ya kifuniko, wakiwemo wanajeshi wa majini, na matokeo yake yakachapishwa mwaka 2017. Zaidi ya asilimia 95 waliridhika na uoni wao. Hilo ni jambo kubwa. Lakini kati ya waliokuwa hawana usumbufu wowote wa kuona hapo awali, hadi asilimia 46 walikuwa na usumbufu mpya baada ya miezi mitatu, hasa kuona duara la mwanga kuzunguka taa. Na kati ya waliokuwa hawana dalili za macho makavu, hadi asilimia 28 walikuwa nazo. Waliopata taabu kubwa katika shughuli zao walikuwa chini ya asilimia 1.

Sasa kila mmoja apime hesabu hizo kwa kazi yake. Dereva wa trekta wa zamu ya usiku afikirie lile duara kwenye taa. Anayeshinda katika vumbi la pamba au moshi wa tanuri afikirie ukavu wa macho.

Tena, leza haizuii macho ya utu uzima. Yuko mtu wa miaka 45 asiyeona mbali, lakini huvua miwani yake na kusoma vizuri. Akifanyiwa leza ya kuona mbali, atahitaji miwani ya kusomea ambayo jana hakuihitaji. Je, atakuwa amepata faida gani kwa mkopo wake?

MASWALI YA KUULIZA KABLA YA KULIPA

Ulizeni haya, na majibu ya fedha yawe kwenye karatasi. Je, konea yangu ina unene gani, na itabaki kiasi gani? Mtanifanyia aina gani, na kwa nini hiyo? Je, bei mliyotaja ina vipimo, dawa za matone na safari za kurudi kuangaliwa? Kipimo kikirudi nyuma baada ya mwaka, nani atalipa? Nikiumwa jicho usiku, nitampata daktari gani karibu na kambi yetu? Nikae mbali na vumbi, jua na moto kwa siku ngapi?

Jibu la swali la mwisho liandikwe katika barua ya daktari, na mfanyakazi aipeleke kwa msimamizi ili apange likizo yake kabla ya siku ya operesheni. Kurudi mapema kwenye vumbi kwa kuogopa kukatwa mshahara ni kuliweka jicho hatarini.

Mtu akikuambia bei hii mwisho wake ni leo, ondoka. Kasoro ya jicho ambayo umeishi nayo miaka 10 inaweza kungoja mwezi mmoja zaidi.

WAJIBU WA MWAJIRI

Leza haimfanyi mtu awe na jicho la chuma. Aliyefanyiwa huiacha miwani yake, ambayo pengine ilimkinga kidogo na vumbi, kwa hiyo anahitaji miwani ya usalama kuliko zamani. Fundi wa kuchomelea abaki na kinga yake ya uso.

Sheria za usalama na afya kazini za Uganda ya mwaka 2006, Kenya ya mwaka 2007 na Tanzania ya mwaka 2003 zinamtaka mwajiri atoe vifaa vya kujikinga. Mkataba namba 155 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1981, unasema hatua za usalama kazini zisimgharimu mfanyakazi. Kwa hiyo msimamo wetu ni huu: mwajiri asimwambie mfanyakazi akafanyiwe leza ili eti miwani isimsumbue mashineni. Miwani ya usalama inaweza kutengenezwa kwa kipimo cha macho ya mtu, au ikavaliwa juu ya miwani yake ya kawaida. Hiyo ndiyo ya kudai.

Tunaomba kila tawi lifanye mambo mawili. Kwanza, liweke katika madai ya mkataba wa pamoja upimaji wa macho wa kila mwaka na miwani kwa wanaohitaji. Pili, mwanachama anayetaka kukopa kwa ajili ya leza aonane kwanza na mjumbe wa afya wa tawi, akiwa na karatasi yake ya vipimo. Huenda baada ya kupimwa akaona leza inamfaa, nasi tutamtakia heri. Huenda pia akaona miwani inamtosha, na fedha ile ikalipa karo ya watoto.