Kirumi na Eleusis: Mahali pa Mvua na Mahali pa Mbegu

Utangulizi

Kila mchungaji aliyepata kuhudumu katika mkoa wa Singida anaujua mwezi wa Januari usio na wingu. Mtama umechipua kisha ukanyauka, na akiba ya mbegu imekwisha kurudishwa ardhini mara ya pili. Siku ya Jumapili maombi ya mvua husomwa, na washarika huitikia Amina. Katikati ya juma, baadhi ya hao hao huchangia mnyama wa tambiko. Ndipo wazee wa kanisa hukutana kuuliza ni nani aliyekwenda, na kama atengwe na Meza ya Bwana.

Makala hii haikusudii kuwatetea waendao wala kuwashitaki. Inakusudia kumsaidia mtumishi wa Neno aelewe jambo linalotafutwa huko, kabla hajalitolea hukumu. Kwa ajili hiyo tutazuru mahali patakatifu pawili: Kirumi, iliyo kwetu, na Eleusis, iliyo katika nchi ya Wayunani wa kale.

1. Kirumi

Kirumi iko katika nchi ya Waihanzu, ambao maandishi mengine huwaita Waisanzu, katika wilaya ya Mkalama iliyomegwa kutoka Iramba mwaka 2012. Kisasili chao, yaani simulizi takatifu la asili yao, chasema kwamba wahenga walitoka Ukerewe, katika ziwa Viktoria, wakasafiri hadi nchi hii kavu. Na kwamba ukoo wa Anyampanda ulikuja na mambo ya mvua. Mpaka leo mvua huhesabiwa kuwa amana ya ukoo huo.

Mwanaanthropolojia Todd Sanders, aliyekaa kati ya Waihanzu katika miaka ya 1990 na kutoa kitabu juu yao mwaka 2008, ameonyesha jambo la kuzingatiwa sana. Wenye mvua ni wawili, mwanamume na mwanamke, wala mmoja peke yake hawezi kitu. Hata mvua yenyewe hunenwa kuwa iko ya kiume na iko ya kike. Pana mawe ya mvua yanayotunzwa mahali pa siri, na pana ibada ya kuikata ardhi, ambayo hufungua msimu wa kilimo. Mvua ikikawia, hutolewa tambiko kwa wahenga. Pia wanawake hutoka peke yao, wanaume wakikatazwa kuwaona, wakacheza na kuimba maneno ambayo siku nyingine hayatamkwi hadharani.

Serikali iliondoa mamlaka ya watemi mwaka 1963, lakini shughuli za mvua hazikukoma pamoja nayo. Kiti cha mtemi kilikuwa cha utawala. Hofu ya njaa haikuwa na kiti cha kuondolewa.

2. Eleusis

Eleusis iko yapata kilometa 20 magharibi ya Athene. Mgeni aendaye huko leo hukuta mji wa viwanda, na katikati yake mawe ya ukumbi mkubwa ulioitwa Telesterion. Ili kuyaelewa mawe hayo yampasa kukijua kisasili chake.

Demeter, mungu wa kike wa nafaka, alikuwa na binti aitwaye Persephone. Hades, mtawala wa kuzimu, alimnyakua binti huyo. Mama akamtafuta duniani kote, hata akaketi kisimani hapo Eleusis katika umbo la kikongwe. Wenyeji wakamkaribisha, na mtumishi mmoja wa kike, Iambe, akamchekesha kwa mizaha yake. Lakini huzuni haikumtoka. Akaizuia mbegu isiote, na wanadamu wakakaribia kuangamia kwa njaa. Ndipo Zeu akaamuru binti arudishwe. Kwa kuwa alikuwa amekula punje ya komamanga kuzimu, ilimpasa kurudi huko sehemu ya kila mwaka. Mbegu ikaota tena, na Demeter akawafundisha watu wa Eleusis ibada zake.

Ibada hizo zilidumu kwa zaidi ya miaka 1000. Watu walitoka Athene kwa maandamano. Wanawake na watumwa nao walipokewa, mradi waelewe Kiyunani. Ukuhani ulikuwa urithi wa koo mbili, Eumolpidai na Kerykes. Aliyeitoa siri nje aliweza kuuawa. Mwanafalsafa Proclus, wa karne ya 5, aliandika kwamba watu walitazama mbinguni wakaiomba mvua inyeshe, kisha wakatazama chini wakaiambia ardhi ichukue mimba.

Msomaji amekwisha kuona yanayofanana: ukoo wenye amana, siri inayolindwa, mume na mke, mbingu na ardhi, hata maneno ya mzaha midomoni mwa wanawake. Tusikimbilie kusema kwamba hawa walijifunza kwa wale. Mwenye kupanda asiye na uwezo wa kuamuru mvua huuliza swali lile lile popote alipo: ni nani atupaye chakula, naye ametukasirikia kwa nini?

3. Hekalu likibomolewa

Mwishoni mwa karne ya 4 Kaisari Theodosius alipiga marufuku ibada za kipagani, na muda si mrefu baadaye jeshi la Alaric liliiharibu Eleusis. Je, swali lile lilikwisha? Mwaka 1801 Mwingereza Edward Daniel Clarke alikuta hapo sanamu ya kale iliyozikwa katika samadi hadi shingoni. Wanakijiji, Wakristo wa Kanisa la Orthodoksi kwa karne nyingi, waliamini kwamba mavuno yao yanaitegemea. Aliichukua hadi Cambridge, nao wakabaki na hofu ya mashamba yao.

Lakini juu ya magofu hayo pana kanisa dogo la Mama wa Bwana, ambalo jina lake lina maana ya katikati ya kupanda. Katika sikukuu yake ya mwezi Novemba wanawake huleta mikate na nafaka zilizochemshwa, ziombewe baraka. Sisi Walutheri hatuhitaji kuiga heshima wampayo Mariamu. Linalotufaa ni kuona kwamba kanisa lile liliipa mbegu siku yake mbele za Mungu.

4. Paulo huko Listra

Katika Matendo 14 kuhani wa Zeu alileta ng'ombe na mashada ya maua apate kuwatolea Paulo na Barnaba dhabihu. Mitume walirarua mavazi yao. Hapo hapakuwa na mapatano. Hata hivyo, Paulo hakuanza na torati wala manabii, ambao watu wale hawakuwajua. Alianza na mvua. Aliwaambia kwamba Mungu aliye hai hakujiacha bila shahidi kwao, kwa maana ndiye aliyewapa mvua na nyakati za mavuno (mstari wa 17). Alichukua jambo walilolitaka kwa Zeu, akawaonyesha lilikotoka.

Hapo pana neno la kukana na neno la kukiri. Tunakana kwamba mvua ni amana ya ukoo, au kwamba wahenga huiuza kwa damu ya mnyama. Luther, katika Katekisimu Kubwa, afundisha kwamba kile moyo unachokitegemea ndicho mungu wa mtu. Lakini twakiri pia, pamoja na Katekisimu Ndogo katika ombi la nne, kwamba hali njema ya hewa imo ndani ya mkate wetu wa kila siku. Mchungaji anayekataza tambiko bila kuliombea shamba amefundisha nusu ya katekisimu.

5. Mambo ya kutendwa

Kwanza, mwezi wa Novemba, kabla ya kupanda, washarika na walete mbegu kanisani. Mume na mke wazishike pamoja, zikaombewe.

Pili, mwenye kosa la tambiko asikizwe kabla ya kurudiwa. Mara nyingi alikwenda kwa sababu watoto wake walikuwa na njaa, wala hakuna aliyemtembelea.

Tatu, mvua inapokoma huulizwa ni nani aliyeifunga. Katika nchi yetu vikongwe wameuawa kwa tuhuma za uchawi. Hapa mchungaji asingoje mkutano wa wazee. Na aende nyumbani kwa mama anayenong'onwa, aketi naye mchana watu wakiona, na kuwafundisha majirani Mathayo 5:45, kwamba Baba huwanyeshea mvua wenye haki na wasio haki. Demeter aliketi kisimani kama kikongwe mgeni, nao waliomkaribisha hawakujua ni nani. Kikongwe aketiye katika mtaa wetu twamjua: Kristo alikufa kwa ajili yake.