Saratani ya umio yaweza kutolewa bila kupasua kifua, ila ujuzi huo hauji kwa siku moja

UKISIKIA saratani, huenda unamwaza mtu wa umri wa babu yako. Hebu sikia hii. Madaktari wa Hospitali ya Tenwek, Bomet, walipopekua rekodi za kuanzia 1996 hadi katikati ya 2009, walipata wagonjwa 109 wa saratani ya umio wenye umri usiozidi miaka 30. Mdogo wao alikuwa na miaka 14.

Umio ni ile njia inayopeleka chakula tumboni. Saratani yake ni miongoni mwa zinazoua Wakenya wengi, na ubaya wake ni kwamba haipigi hodi mapema. Ugali ukianza kukukwama, kisha hata uji ukagoma kushuka, mara nyingi uvimbe umeshaziba njia. Hapo wengi huwekewa mrija wa waya wa kutanua umio ili angalau wale. Mrija huo hauponyi.

Lakini kabla ya kufika huko, ugonjwa huanza kama doa kwenye utando wa ndani. Daktari huingiza kamera nyembamba mdomoni, yaani endoskopi, kisha hunyunyiza iodini. Utando wenye afya hugeuka hudhurungi, doa hukataa kushika rangi. Utafiti uliochapishwa 2016 uliwapima hivyo watu wazima 305 wa eneo la Bomet wasio na dalili yoyote. Karibu 14 kati ya kila 100 walikuwa na seli zilizoanza kubadilika. Si kila doa huishia kuwa saratani, lakini lile lililokomaa halifai kuachwa.

Doa likiwa dogo, daktari hulivuta kwenye kifuniko kilicho ncha ya kamera, akalifunga kwa mpira na kulikata kwa kitanzi cha waya. Likiwa kubwa, njia hiyo hulitoa vipande vipande, na ni vigumu kujua kama limeisha. Ndipo inapohitajika mbinu ya juu zaidi: daktari hudunga majimaji chini ya doa hadi liinuke, hukata kulizunguka kwa kisu kidogo cha umeme, kisha hulibandua likiwa zima. Mgonjwa hapasuliwi kifua.

Rahisi kusema. Ukuta wa umio una unene wa milimita chache tu, na unatikisika kwa kila pigo la moyo. Mkono ukiteleza, umetoboa.

Wajapani, walioanzisha mbinu hiyo miaka ya 1990 kwa saratani ya tumbo, hufunzana hatua kwa hatua. Mwanafunzi huanza kwa kutazama na kumsaidia mwalimu. Kisha hupewa tumbo la nguruwe aliyechinjwa, halafu nguruwe hai aliyelazwa kwa dawa, maana nyama iliyokufa haivuji damu. Akikabidhiwa mgonjwa, mwalimu yuko kando, na huanzia sehemu ya chini ya tumbo iliyo na ukuta mnene. Huhesabiwa kesi 30 hivi kabla ya kusemwa ameshika msingi. Umio huja baadaye.

Hapa kwetu, Tenwek huwafunza madaktari wa upasuaji kutumia endoskopi. Lakini kuna fundo moja ambalo pesa na mashine pekee haziwezi kulifungua. Japani kuna desturi ya kupima watu mapema, kwa hivyo daktari hupata madoa machanga ya kujifunzia. Sisi tunafika hospitalini wakati uvimbe umeshaota mizizi, na mbinu hii haina kazi tena. Tukichelewa, tunajiponza wenyewe na pia tunamnyima daktari nafasi ya kuiva.

Kwa hivyo, kijana, chakula kikikukwama mara kwa mara, usikisukume kwa maji ukasema ni asidi. Ulizia endoskopi katika hospitali ya rufaa. Kama kwenu kuna aliyeugua saratani hii, mwambie daktari hata kama humezi kwa shida: wengi wa vijana wa Tenwek waliohojiwa walikuwa na jamaa aliyewahi kuugua saratani. Punguza pombe na uache sigara. Na ile chai ya kuunguza ulimi? Iache ipoe kwanza. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, lilisema 2016 kwamba vinywaji vya zaidi ya nyuzijoto 65 huenda vikasababisha saratani ya umio.