MKOJO WA MWENYE UGONJWA WA SUKARI

Wakulima wengi wenye ugonjwa wa sukari hufika Nairobi mara moja au mbili kwa mwaka, wakalala kwa watoto wao huko Buruburu, Umoja, Kayole au Jericho. Hapo hutobolewa kidole, wakaambiwa sukari yao ni kadha, wakarudi shambani. Ni vema, lakini tone lile la damu halikuambii habari za figo zako. Habari hizo zimo katika mkojo.

Kila figo ina vichujio vidogo mno vipatavyo milioni 1. Kazi yao ni kama ya chekeche lako la mahindi: vumbi lianguke, punje zibaki. Punje yenyewe hapa ni protini ya damu iitwayo albumini. Sukari ikizidi miaka mingi, na hasa presha ikipanda pamoja nayo, vichujio huharibika na albumini hupenya. Mwanzoni huvuja kidogo tu. Huoni povu, wala miguu haivimbi. Ukingoja dalili hizo umechelewa.

Mnamo 1827 Daktari Richard Bright wa London alieleza jinsi mkojo wa wagonjwa wa figo ulivyoganda ukichemshwa katika kijiko, kama yai motoni. Lakini kijiko kilionyesha maradhi yaliyokwisha kukomaa. Njia ya kupima uvujaji mdogo ilitangazwa na Keen na Chlouverakis, huko huko London, mwaka 1963, mwaka ule ule tuliopata Uhuru.

Basi ukienda zahanati ya mtaa, au hospitali kubwa kama Mama Lucy Kibaki, mwulize daktari habari za kipimo cha albumini na kreatinini katika mkojo, na ni wapi kinapofanywa. Kikaratasi cha kawaida cha kuchovya hakitoshi. Uvujaji mdogo hukipita. Peleka mkojo wa kwanza wa asubuhi. Chini ya miligramu 30 kwa kila gramu ya kreatinini ni kawaida. Toka 30 hadi 300 figo zimeanza kuvuja, na zaidi ya 300 ni hatari kubwa. Usifadhaike kwa jibu moja: homa, ugonjwa wa njia ya mkojo, au kazi nzito ya jembe jana yake huweza kupandisha hesabu. Majibu 2 kati ya 3, katika miezi 3 hadi 6, ndiyo yanayothibitisha. Baadaye pimwa kila mwaka.

Ikithibitika, dawa kama enalapril au losartan hushusha presha na pia hupunguza kuvuja, lakini ni daktari akupaye, si jirani. Na zile dawa za maumivu za dukani, kama diklofenaki, ambazo mkulima humeza jioni baada ya kupalilia, huziumiza figo. Ziache mpaka umwulize daktari.

Figo zikifa, mgonjwa huunganishwa na mashine ya kusafisha damu mara 2 au 3 kila juma, kama saa 4 kila mara. Wako waliouza ng'ombe kwa ajili ya safari hizo, na ng'ombe aliyebaki hangoji mwenyewe arudi ndipo akamuliwe.

Karatasi ya majibu usiiache Nairobi kwa mwanao. Rudi nayo, uionyeshe kituo cha afya cha kwenu, uitunze pamoja na hati za shamba, ili mwakani hesabu mbili zilinganishwe.