Kibanja Mbele ya Joto

Wakulima wa Nyaishozi, wilayani Karagwe, wamezoea kusikia kwamba Robusta ni kahawa ngumu. Arabika ndiyo ya kudekezwa, Robusta huvumilia. Hata vitabu vya kilimo viliandika hivyo miaka mingi, vikisema mbuni huu hustawi kwenye wastani wa nyuzijoto 22 hadi 30.

Mwaka 2020 imani hiyo ilitikiswa. Jarrod Kath wa Australia na wenzake walipitia takwimu za miaka 10 za mashamba 798 ya Vietnam na Indonesia, wakakuta kwamba Robusta huzaa vizuri zaidi pale wastani wa joto usipozidi nyuzi 20.5. Juu ya hapo, kila nyuzi moja inayoongezeka hupunguza mavuno kwa karibu asilimia 14. Kwa Arabika ya Tanzania, utafiti wa mwaka 2015 ulioongozwa na Alessandro Craparo ulikuwa umeshaonyesha kwamba kinachoumiza zaidi ni usiku usiopoa: joto la usiku likipanda nyuzi moja, hekta hupoteza takriban kilo 137 za kahawa.

Vilima vya Karagwe na Kyerwa bado vina ubaridi kiasi, lakini akiba hiyo si kubwa. Na mkulima hana namna ya kupunguza joto la dunia, ambalo yeye amelichangia kidogo mno.

Alicho nacho ni kibanja: migomba juu, mibuni katikati, maharage chini, na mti mmoja mmoja wa kivuli. Kuna wakati wataalamu walihimiza kila zao lipandwe peke yake. Piet van Asten na wenzake walipopima mashamba ya jirani zetu Uganda, matokeo yao ya mwaka 2011 yalionyesha kuwa kahawa iliyochanganywa na migomba haikupungua mavuno kwa kiasi cha kuonekana, na fedha aliyopata mkulima kwa hekta ilizidi ya kahawa peke yake au ndizi peke yake. Bibi zetu hawakuhitaji kusubiri jarida, lakini si vibaya jarida likiwaunga mkono.

Tatizo la kibanja liko ardhini. Zamani kililishwa kwa samadi na majani yaliyokatwa nyikani. Ng'ombe wamepungua, na kila lori la ndizi linaloelekea mjini linaondoka na rutuba isiyorudi. Udongo uliochoka hulea mmea dhaifu, na mmea dhaifu ukikutana na joto au mvua iliyochelewa hauna cha kujitetea.

Hapo ndipo utafiti uliofanyika Karagwe kwenyewe unastahili kusomwa. Ariane Krause wa Chuo Kikuu cha Ufundi cha Berlin, akishirikiana na shirika la MAVUNO la hapa Karagwe, alijaribu mboji ya aina yake. Jiko la kuni linalochoma moshi wake huacha mkaa badala ya majivu. Mkaa huo, ambao wataalamu huuita bayocha, huchanganywa na mabaki ya jikoni na ya shambani, pamoja na kinyesi cha binadamu kutoka choo kikavu baada ya kupashwa joto linaloua vimelea. Wengi hukunja pua wakifika hapa. Wangoje takwimu kwanza.

Katika vitalu vya meta 9 za mraba, udongo usiowekwa kitu ulitoa mahindi tani 1.10 kwa hekta. Mboji ya kawaida ilitoa 3.18, na ile yenye mkaa ikatoa 4.40. Kwa lugha ya shamba, ekari moja ilitoka kwenye magunia manne na nusu ya kilo 100 ikafikia karibu 18. Uchachu wa udongo ulipungua, pH ikipanda kutoka 5.3 hadi 5.9, na fosforasi, ambayo udongo wa volkano huing'ang'ania, ikapatikana kwa mmea.

Napenda zaidi sehemu isiyopendeza ya ripoti hiyo ya mwaka 2016. Mkaa husifiwa kila mahali kwamba hutunza maji ardhini. Hapa Karagwe, kwa kipindi kile kifupi, hakuna mboji yoyote iliyoongeza maji kwa kiwango cha kuhesabika. Ongezeko la mavuno lilitokana na virutubisho. Kwa hiyo anayekuuzia mkaa kama dawa ya ukame, mwulize ameupima wapi.

Faida nyingine ya mkaa huo ni ya dunia nzima. Mti hufyonza hewa ukaa, na ukioza au ukiungua kabisa huirudisha angani. Kaboni iliyogeuka mkaa na kufukiwa huoza polepole mno, sehemu kubwa ikikaa ardhini kwa miongo hadi karne. Jopo la Umoja wa Mataifa la mabadiliko ya tabianchi, kwenye ripoti yake ya mwaka 2022, liliiorodhesha njia hii miongoni mwa njia za kuondoa hewa ukaa angani.

Halmashauri za Karagwe na Kyerwa hazihitaji kuanzia jaribio la mboji hii kwa mkulima mmoja mmoja. Shule za bweni ambazo bado huchoma kuni hujaza pia vyoo kila siku. Zianzie huko, chini ya usimamizi wa bwana afya na bwana shamba, na magunia yahesabiwe mbele ya wazazi.