Fizikia ya huzuni: kwa nini Jim Reeves anasikika kama yuko sikioni kwako?

Tunduma ni mji wa kusubiri. Malori ya kwenda Zambia na Kongo yanapanga foleni kuelekea Nakonde, na dereva akikwama, faraja yake ni simu. Anapiga nyumbani, wanaongea, anakata. Halafu upweke unazidi badala ya kupungua. Kwa nini?

Jibu moja limo ndani ya wimbo wa kantri uliorekodiwa Nashville, Marekani, mwaka 1959: "He'll Have to Go" wa Jim Reeves. Muulize mjomba mwenye kaseti za zamani, huenda anaujua. Mwanaume yuko baa, anampigia simu mwanamke anayempenda, na huko aliko yule mwanamke kuna mwanaume mwingine. Basi, kisa ndicho hicho.

Watunzi ni mke na mume, Audrey na Joe Allison. Audrey alikuwa na sauti ndogo kwenye simu, ikabidi mumewe amwombe asogeze mdomo karibu. Wimbo ukazaliwa hapo.

Studio walifanya nini?

Mtayarishaji Chet Atkins aliacha fidla na kelele za kantri ya zamani. Akaweka piano, waitikiaji wa taratibu, na nafasi kubwa ya ukimya. Reeves akashusha sauti na kuimba karibu kabisa na maiki.

Hapa ndipo fizikia inaingia. Maiki nyingi za studio husikia zaidi upande mmoja kwa kulinganisha mgandamizo wa hewa mbele na nyuma yake. Mwimbaji akiwa mbali, pande hizo mbili hupata nguvu karibu sawa. Akisogea sana, mbele hupata nguvu nyingi kuliko nyuma, na tofauti hiyo huinua zaidi sauti nzito, yaani besi. Umeshamsikia MC wa harusi "akimeza maiki"? Ghafla sauti inakuwa nene. Ni jambo lilelile, ila Reeves alilitumia kwa upole.

Ubongo wetu unajua maana yake. Sauti ya chini lakini nene, yenye pumzi inayosikika, kwa kawaida hutoka kwa mtu aliye karibu nawe sana. Isitoshe, mtu mwenye huzuni huongea polepole, kwa sauti ya chini isiyopanda na kushuka sana. Ndiyo maana hata asiyejua Kiingereza anaelewa kwamba huyu bwana ana jambo.

Simu inakata nini?

Simu za kawaida zilijengwa kupitisha masafa ya takriban hezi 300 hadi 3,400. Sauti ya mwanaume akiongea huanzia karibu hezi 100. Maneno yanafika vizuri, ila ule uzito wa chini unabaki njiani. Kwa hiyo Reeves anaimba kuhusu simu, lakini anakupa kitu ambacho simu ya wakati wake haikuweza kukupa: ukaribu.

Watu waliupokeaje?

Ulitolewa upande wa pili wa santuri, ule usiotarajiwa kuvuma. Watangazaji wa redio wakaigeuza santuri. Mwaka 1960 wimbo ulikaa wiki 14 kileleni mwa chati ya kantri ya Billboard, ukafika namba 2 kwenye chati kuu. Reeves alifariki kwa ajali ya ndege mwaka 1964 akiwa na miaka 40, lakini kantri ilishapata wapenzi Afrika. Nairobi hata ina waimbaji wake, kama Sir Elvis.

Na kwa nini tujitie huzuni kwa hiari? Utafiti wa Jonna Vuoskoski na wenzake, uliochapishwa mwaka 2012, ulionyesha kuwa wanaofurahia zaidi muziki wa huzuni ni wale wepesi wa kuguswa na hisia za wengine. Kwa hiyo ukimwona dereva ametulia kwenye kabini na wimbo wa zamani, usimwonee huruma haraka. Huenda hajiongezei majonzi. Amepata sauti ya mtu karibu yake, basi.